Daftari la Mfukoni Lisiwe la Kukodi

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao Kamati italeta mbele yenu jambo moja ambalo wengi wamekwisha kulisikia barazani kabla halijafika kwenye ajenda. Nalo ni hili: je, Chama kilipe ada ya kila mwaka kwa kampuni moja ili wanachama watumie programu yake ya kuandika kumbukumbu na kupanga kazi za shamba katika simu za mkononi? Wapo wasemao tulipe upesi, tusije tukaachwa nyuma na dunia. Wapo wasemao simu ni mchezo wa vijana, na daftari la karatasi lililowatosha wazee wetu litatutosha na sisi. Mimi sikubaliani na upande huu wala ule, na kwa ruhusa ya Mwenyekiti nachukua nafasi hii katika jarida letu kueleza kwa nini. Maoni haya ni yangu, si ya Kamati.

Nianze na lile ambalo hatubishani. Mkulima wa karafuu asiyeandika hula hasara asiyoijua. Karafuu yetu ina vipimo viwili: mchumaji tunamlipa kwa pishi ya karafuu mbichi, na Shirika, yaani ZSTC, linatulipa sisi kwa kilo ya karafuu kavu. Baina ya pishi ile na kilo hii zimepita siku kadhaa za jua juu ya jamvi, na uzito umepungua, kilo tatu mbichi zikabaki kama kilo moja kavu. Aliyeandika upande mmoja tu hawezi kujua kama upande wa pili umepunguzwa na jua, au na mvua, au na mkono wa mtu. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, ikafuata miaka ya uhaba. Atakaye kuupangia mwaka wa uhaba sharti awe na maandishi ya miaka iliyopita, maana kichwa cha mtu hukumbuka neema na kusahau yaliyobaki.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sote tuliokaa chuoni twajua ya kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Kuandikiana, basi, si dalili ya kutoaminiana. Ni adabu ya biashara.

Shida yetu ni kuwa daftari liko nyumbani na kazi iko shambani. Pishi hupimwa jioni chini ya miti, watu wamechoka na giza linaingia, mwenye shamba akasema, "Nitaandika nikifika." Akifika akuta wageni, akuta karafuu za jana hazijaanuliwa na wingu limetanda. Asubuhi pishi 17 zimekuwa 15. Mashauri ya namna hii yamefikishwa kwa Kamati msimu baada ya msimu, na aghalabu anayeshindwa ni mchumaji, kwa kuwa mwenye shamba ana daftari na yeye ana mdomo wake tu. Wengi wa wachumaji hao ni akina mama wenye watoto. Pishi mbili kwa mwenye shamba ni kitu kidogo. Kwa mama yule ni chakula cha usiku ule. Hilo ndilo linalonifanya niandike, zaidi ya hamu yoyote ya mambo mapya.

Sasa hebu tukitazame chombo chenyewe. Kwa miaka mingi kompyuta za mezani zimekuwa na programu za kuandikia kumbukumbu na kupangia kazi. Moja katika hizo inaitwa Org. Aliianzisha mwaka 2003 Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hufanya kazi ndani ya programu ya maandishi iitwayo Emacs, iliyoanza tangu mwaka 1976. Org haina maajabu ya kutazama. Ni maandishi matupu, na kila kichwa cha habari huanza kwa nyota: nyota moja kwa jambo kubwa, nyota mbili kwa jambo lililo chini yake. Mfano wake ni huu:

* Shamba la bondeni
** KAZI Kupalilia kabla ya msimu
** TAYARI Majamvi sita mapya yamenunuliwa
** Pishi 17, mchumaji wa nne, hajalipwa

Maneno KAZI na TAYARI ni ya kwetu wenyewe, maana programu hukubali kufundishwa maneno utakayo. Ukiandika na tarehe, yenyewe hukupangia kazi za leo, za kesho na za wiki ijayo, na deni lililopita siku yake hukuonyesha.

Hapo zamani mambo haya yalitaka meza, kiti na umeme. Siku hizi sivyo. Iko programu ya simu iitwayo Orgzly inayosoma na kuandika mafaili hayo hayo, na Emacs yenyewe, tangu toleo la 30 lililotoka Februari 2025, imekubaliwa rasmi katika simu za Android. Zote mbili hazina ada. Maana yake ni kwamba kile alichokuwa nacho karani ofisini, mwanachama aweza kuwa nacho mfukoni mwa kanzu.

Lakini hapa pana jambo ambalo wenye shauku hawalisemi. Meza haiingii mfukoni. Programu ya mezani ilitengenezwa kwa vidole kumi na kioo kipana. Emacs huamrishwa kwa kubana vitufe viwili vitatu kwa pamoja, na baadhi ya vitufe hivyo havimo kabisa katika kibodi ya kawaida ya simu. Nimewaona vijana wetu wawili wakijaribu kupanga hesabu ya msimu mzima juu ya kioo cha upana wa kiganja. Walisogeza juu, wakasogeza chini, wakapoteza mahali walipokuwa, na mwisho mmoja akaomba karatasi. Kosa halikuwa lao. Walikipa kifaa cha mfukoni kazi ya mezani.

Mfukoni pana kazi mbili tu zipasazo. Ya kwanza ni kuandika jambo palepale linapotokea, kwa maneno machache. Ya pili ni kulitazama lililokwisha kuandikwa: leo nina kazi gani, fulani namdai au ananidai kiasi gani. Kupanga, kujumlisha, kulinganisha mwaka na mwaka, hayo ni ya mezani.

Jambo hili si geni hapa Tanzania. Mwaka 2004 watafiti wa afya walipita katika wilaya tano za kusini mwa nchi wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi, wakaandika majibu ya kaya zaidi ya 20,000, kila moja mlangoni kwake badala ya kujaza fomu za kunakiliwa baadaye. Lakini hawakufanya hesabu zao ndani ya vifaa vile. Kila siku habari zilizokusanywa zilihamishiwa kwenye kompyuta kubwa zaidi, na huko ndiko zilikotunzwa. Mkononi walikusanya, mezani wakapanga. Kama mpango huo uliwafaa watu wenye nyumba 20,000 za kuzungukia, sioni kwa nini usitufae sisi wenye mashamba na majamvi.

Naja sasa kwenye ile programu ya kampuni. Sina ugomvi na waliyoitengeneza, na sura yake ni nzuri. Ina picha ya mti na rangi za kupendeza. Nina pingamizi mbili.

Pingamizi ya kwanza ni mtandao. Mwaka jana nilikwenda Kidete, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwa shughuli ya ndoa ya jamaa. Karafuu za mkoa ule ziko mbali na hapo, huko Matombo na milima ya Uluguru; Kidete ni kituo katika Reli ya Kati ya zamani, penye mabonde na vilima. Nilikuwa na simu yenye programu tuliyopewa kuijaribu, na ndani yake hesabu za tawi moja nilizotaka kuzikagua nikiwa na nafasi. Nyumba niliyofikia haikupata mtandao. Aliyetaka kupiga simu alipanda kilimani. Kwa siku tatu programu ile haikufunguka. Ilizungusha kiduara chake ikaniambia nijaribu tena baadaye. Hesabu za tawi letu zilikuwa mkononi mwangu nami sikuweza kuzisoma. Katika simu hiyo hiyo, mafaili yangu ya Org yalifunguka kila nilipoyataka, kwa kuwa yalikuwa ndani ya simu yenyewe, hayakumngoja mtu.

Na kisiwani kwetu, nani asiyejua mahali katika shamba lake ambapo simu haishiki? Mikarafuu mingi imeota mabondeni na nyuma ya vilima. Daftari lisilofunguka chini ya mkarafuu halimfai mkulima wa karafuu.

Pingamizi ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya miliki. Katika programu ile maandishi yetu yatakaa kwa kampuni, katika namna ambayo programu yao peke yake ndiyo huisoma. Siku tutakaposhindwa kulipa ada, au kampuni itakapofilisika, au itakapobadili masharti, je, hesabu za miaka kumi zitakuwa wapi? Haya si maneno ya kutia watu hofu, kwani yamekwisha kutokea kwa wakubwa kuliko hao. Evernote ilikuwa programu mashuhuri ya kumbukumbu duniani, na watu wengi waliitumia bila malipo. Desemba 2023 wasiolipa wakawekewa mpaka wa kumbukumbu 50 na daftari moja. Aliyekuwa amezidi hakunyang'anywa zake, lakini hakuweza kuongeza mpya mpaka alipe. Na kabla ya hapo kampuni ya Palm, ambayo kifaa chake cha mfukoni cha mwaka 1996 kilikuwa fahari ya kila mwenye shughuli nyingi, ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka 2011 HP ikaacha kuvitengeneza vifaa vyake.

Sisi watu wa karafuu twajua maana ya kukodi. Anayekodi shamba huchuma msimu wake, lakini mti si wake. Haidhuru kukodi ngazi, wala haidhuru kukodi gari la kuchukulia magunia. Lakini daftari la madeni ya watu ni amana, na amana haiwekwi katika nyumba ambayo mwenye funguo ni mwingine. Faili la maandishi matupu halina mwenyewe ila aliyeliandika. Orgzly ikifa kesho, faili litafunguliwa na programu nyingine, au na kompyuta yoyote iliyo kuukuu, au litachapwa katika karatasi likasomwa kama barua. Huo ndio ubora wake, na kwa ajili ya huo nauvumilia ubaya wa sura yake.

Nimesikia hoja za upande wa pili nazo zastahili jibu.

Wazee wasema: simu huibiwa, huanguka majini na huisha chaji. Ni kweli. Na karatasi je? Hukohuko Kidete nilikumbushwa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, Reli ya Kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa wilaya ile wakahama makwao. Treni ya abiria ilikaa miezi bila kupita. Mzee mmoja aliniambia kuwa maji yalipoingia ndani hayakuuliza hiki ni cheti cha nani wala hili ni daftari la nani. Maji hayachagui baina ya karatasi na simu. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni nakala ya pili iliyokaa mahali pengine. Tofauti ni kwamba kunakili daftari la karatasi ni kazi ya wiki nzima, na kunakili faili ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Wengine wasema: si kila mwanachama ana simu ya kioo. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi karatasi ifutwe. Mwenye kitochi ataendelea na daftari lake, na karani wa tawi atalinakili kila Ijumaa baada ya sala. Haki ya mwanachama isitegemee thamani ya simu yake.

Na wengine wameuliza kwa sauti ya chini: je, siri zetu? Simu ambayo mtoto huchezea haifai kuwekwa madeni ya watu bila kufungwa kwa neno la siri. Na mafaili ya tawi yasipelekwe katika makundi ya WhatsApp. Yahamishwe kwa waya, mbele ya karani.

Basi, napendekeza mambo manne, nanyi mtayapima.

Kwanza, Chama kisilipe ada ile mwaka huu. Fedha hizo zinunue kompyuta moja ya ofisi, na kilichobaki kilipie mafunzo ya vijana wawili wawili katika kila tawi, mmoja wao awe binti.

Pili, kila pishi iandikwe palepale inapopimwa, na mwandishi amsomee mchumaji kwa sauti kabla hajaondoka, mbele ya mtu wa tatu. Simu haina haki ndani yake. Mwongo aweza kuandika 15 mahali pa 17 katika kioo kama alivyoandika katika karatasi. Haki iko katika kusomewa na kushuhudiwa. Faida ya simu ni kuwa ipo pale mtini wakati ule, na kisingizio cha "nitaandika nikifika" kimeondoka.

Tatu, kila wiki mafaili ya matawi yaletwe ofisini, yapangwe mezani, na nakala mbili ziwekwe, moja ofisini na moja katika nyumba ya mjumbe mwingine iliyo mbali na hapo.

Nne, tujaribu kwa msimu mmoja tu, katika matawi mawili, karatasi na simu kwa pamoja. Msimu ukiisha tulinganishe, na wanachama waone kwa macho yao mashauri ya pishi yamepungua au yamebaki vilevile. Yakibaki vilevile, nitakuwa wa kwanza kusema tuliache jambo hili, na kompyuta haitakosa kazi nyingine.

Najua ya kuwa mpango huu hauna mvuto kama picha za kampuni. Wataka kazi ya mikono yetu: mtu wa kufundisha, mtu wa kunakili, mtu wa kukagua. Lakini chombo tulichokiunda wenyewe, hata kikivuja, tunajua pa kukiziba. Chombo cha kukodi kikivuja katikati ya bahari, tutabaki kumpigia simu mwenyewe, na huenda huko nako mtandao usishike.

Nawaomba mje mkutanoni kwa wingi, na mje mmekwisha kufikiri. Mwenye maoni yaliyo kinyume na haya ayalete kwa maandishi kabla ya siku hiyo, nayo yatasomwa yote, bila kupunguzwa neno. Na wale wanaotumia wachumaji wengi nawaomba wawaulize akina mama hao maoni yao, kwa kuwa hawana kura katika mkutano wetu, na hesabu inayobishaniwa kila msimu ni yao.

Wabillahi tawfiq.

Ndimi,
Katibu wenu